Mrejesho: joto mahususi la maji ya rejeta

Wakuu, niliuliza namna ya kupata joto mahususi (joto linalohitajika kupandisha kilo 1 kwa nyuzi 1) la maji na ethilini glaikoli, kimiminika kinachochanganywa na maji ya rejeta, nusu kwa nusu. Mkaniambia nichanganye kwa kilo, si kwa lita. Kosa langu lilikuwa hapo hapo, nilipima kwa lita: lita moja ya maji ina kilo 1, lakini ya glaikoli ina kilo 1.11.

Jana nimerudia, hapa Makambako. Sufuria nimeivika blanketi, maana baridi ya huku inanyonya joto mno. Hita ileile, kilo 1 kila zamu, nyuzi 20 hadi 50. Maji dakika 7, mchanganyiko dakika 5 na sekunde 35. Nimegawa muda kwa muda, nikazidisha kwa 4.18, joto mahususi la maji: kilojuli 3.33 kwa kilo kwa kila nyuzi. Wastani wa hesabu, 4.18 ya maji na 2.4 ya glaikoli, unatoa 3.29! Nimefurahi sana. Sufuria ile hairudi jikoni tena, glaikoli ni sumu. Asanteni mno.