Picha za zamani zimeganda kwenye albamu, nyingine zina ukungu: tuzitoeje bila kuziharibu?

Mjukuu_Tanga:
Wakuu, salaam. Tunataka kukusanya picha za familia, kisha tukae na bibi (miaka 84) atusimulie. Zipo za aina tatu. Kuna albamu ya miaka ya 80, zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu. Gundi imegeuka njano, picha hazibanduki. Kuna za nyeusi na nyeupe zilizokaa kwenye sanduku la bati, zimeota ukungu. Na kuna picha moja ya harusi iliyogandana na kioo cha fremu. Tumeambiwa tuziloweke zote majini. Ni sahihi? Na kuskani tutumie kipimo gani?

FundiLenzi:
Mkuu, msiloweke hata moja. Sura unayoiona imo ndani ya tabaka jembamba la jelatini juu ya karatasi, na jelatini ni chakula cha ukungu. Pale palipoliwa, maji yakigusa tu tabaka linayeyuka na uso wa mtu unaondoka nalo. Kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha kuleta hasara hiyo.

Za ukungu zitandazeni ndani ya nyumba, kivulini, penye hewa, sura ikitazama juu, siku mbili tatu. Jua hapana: karatasi inajikunja na jelatini inapasuka. Ukungu ukishakauka unakuwa unga. Vaa barakoa, toka nje, upukute kwa brashi laini ya kuchorea, kutoka katikati kwenda pembeni. Brashi hiyo isiguse picha nzima nzima ambazo hazijaathirika.

Albamu: kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa ulivyo. Aliyeipanga alikuwa na sababu ya kuweka hii karibu na ile, na mpangilio huo ukipotea haurudi. Kisha fungua nailoni taratibu. Chukua uzi wa kusafishia meno kama sentimita 40, upitishe chini ya kona, uvute huku na huku mithili ya msumeno. Kinachokunjwa ni ukurasa, kamwe si picha. Uzi ukigoma, pasha nyuma ya ukurasa kwa draya ya nywele, joto la chini, sekunde chache, ujaribu tena. Ikigoma bado, kata ukurasa kuizunguka picha na uiache na mgongo wake. Karatasi ya ziada haina madhara makubwa kama picha iliyochanika.

Ile ya harusi usiibandue kabisa. Iskani ikiwa na kioo chake, kioo kikiwa kimefutwa upande wa nje tu.

Skana_Moro:
Vipimo. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15: nukta 600 kwa inchi. Inatoa takriban pikseli 2400 kwa 3600, na faili la TIFF (aina ya faili la picha lisilopoteza ubora) la rangi linakuwa kama MB 26. Picha ndogo za pasipoti: 1200. Negativu za milimita 35: 2400 au zaidi, na kwa skana yenye taa ya kupitisha mwanga juu, vinginevyo utapata weusi mtupu. Kama negativu zipo, anzeni nazo, kwa kuwa zina maelezo mengi kuliko picha iliyosafishwa kutoka kwazo.

Zima marekebisho yote ya rangi ya skana. TIFF iwe asili isiyoguswa. Marekebisho yafanyike kwenye nakala. Skani na mgongo pia: mhuri wa studio, sanduku la posta, mwandiko. Mhuri wenye neno Tanganyika tayari unakusogeza kwenye kipindi cha kabla ya Muungano wa 1964 au karibu yake.

Majina ya faili yaanze na mwaka: 1978_Tanga_harusi_012. Mwaka haujulikani? 197x. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Mkituma kama picha inabanwa na ubora unapungua.

Dada_Nyaraka:
Wenzangu wamemaliza upande wa karatasi. Naomba msisitizo kwa bibi, maana yeye ndiye anayeweza kuzitaja sura hizo.

Mwulizeni kwanza bila picha: harusi ilikuwaje, nani alikuja, nyumba ilikaaje. Rekodini. Ndipo mwonyesheni. Picha ina nguvu ya kutunga kumbukumbu: katika utafiti wa Kimberley Wade na wenzake uliochapishwa 2002, watu wazima walionyeshwa picha bandia inayowaonyesha utotoni wakipanda puto la hewa moto, na baada ya mahojiano matatu nusu yao walikuwa "wanakumbuka" safari ambayo haikuwahi kuwepo. Kwa hiyo pia msimpe picha iliyotiwa rangi na programu. Programu inakisia tu. Baada ya muda familia itaapa gauni lilikuwa la buluu.

Picha moja kwa wakati mmoja, na anayerekodi ataje namba ya faili kwa sauti. Badala ya "huyu nani?" pekee, ulizeni nani alishika kamera, nyuma ya ukuta ule kulikuwa na nini, chakula kilipikiwa wapi. Kuzeni picha kwenye skrini: jina la kanga mara nyingine linasomeka, na likisomwa kwa sauti linamfungulia mengi. Ndugu zake waulizeni mmoja mmoja. Wakikaa pamoja, mkubwa akisema wadogo wanamfuata. Akichoka au akinyamaza mbele ya sura fulani, hamieni picha nyingine.

Mjukuu_Tanga:
Shukrani sana, wakuu. Za rangi za miaka ya 70 zimekuwa nyekundunyekundu. Zinarudi? Na tuziweke wapi baadaye?

FundiLenzi:
Karatasi yenyewe hairudi. Rangi ya samawati ndiyo iliyokufa mapema, hata gizani, na joto linaharakisha. Kwenye nakala ya skani unaweza kurekebisha kwa kusawazisha kila rangi peke yake, ndiyo maana tumesema asili isiguswe.

Za karatasi ziwekeni kwenye bahasha zisizo na asidi au mifuko ya polipropilini; PVC, ile inayonuka plastiki, hapana, na laminesheni hapana. Boksi liwe kabatini, ukuta wa ndani, mbali na sakafu na bati la paa. Unyevu ukipita asilimia 65 ukungu unaanza upya, kwa hiyo boksi lifunge vizuri likiwa na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na mvibadilishe kabla ya masika. Maandishi nyuma ni kwa penseli laini, pembeni. Kalamu ya wino inatoboa alama hadi mbele.

Mafaili: nakala tatu, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine.