Mjadala: Je, gongo la alumini linaipunguza heshima ya Pete Incaviglia?

Mleta mada: Ndugu zangu, mwaka 2007 Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli ya vyuo nchini Marekani ulimpokea Pete Incaviglia, aliyecheza uwanja wa nje katika chuo cha Oklahoma State. Katika msimu wa 1985 pekee aliupiga mpira ukavuka uzio mara 48 na kuiletea timu yake mikimbio (alama) 143, na alipomaliza misimu yake mitatu chuoni alikuwa ametimiza mapigo 100 ya namna hiyo. Ninachohoji ni kifaa alichokishika. Vyuo viliruhusiwa kutumia magongo ya alumini tangu 1974, nayo huzungushwa kwa wepesi na huurusha mpira kwa kasi kuliko mti. Uwezo huo ulikuja kuzidi kiasi: fainali ya vyuo ya 1998 iliisha kwa mikimbio 21 kwa 14, mingi mno kwa besiboli, matokeo ambayo mgeni angedhani ni ya mchezo mwingine kabisa, na kanuni zikaanza kubanwa hadi kufikia kipimo kikali cha 2011. Incaviglia mwenyewe, alipoingia ligi kuu mwaka 1986 na kukabidhiwa gongo la mti, alitolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa kuupiga mpira, mara 185.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mleta mada, mbona umeuacha upande wa pili wa habari ya msimu huo wa 1986? Kijana yule, ambaye hakupitia kwanza ligi ndogo, wanakoandaliwa wachezaji wa ligi kuu, hata siku moja, alivusha mipira 30 akiwa na Texas Rangers, kwa gongo hilohilo la mti unalodai lilimshinda, na alipostaafu alikuwa amefikisha 206. Isitoshe, alumini haikuwa siri yake. Kila mpigaji wa vyuo wa wakati ule alikuwa nayo, na bado miaka zaidi ya 30 ilipita bila yeyote kuifikia ile 48.

Mchangiaji wa pili: Mimi naona nyote wawili mmekosea mahali pa kupimia. Mnabishana juu ya ligi kuu, ilhali ukumbi unaozungumziwa ni wa vyuo. Kundi lake la kwanza, la 2006, lilimweka Dave Winfield, ambaye tayari alikuwa Cooperstown, ukumbi wa mashuhuri wa besiboli ya ligi kuu, tangu 2001, pamoja na Brooks Kieschnick wa chuo cha Texas, ambaye ligi kuu haikumpa sifa kubwa. Waliowachagua walijua walichokuwa wakikipima. Zile mara 185 za kutolewa, kama ile mipira 30 aliyoivusha, hazina nafasi katika hoja hii.

Mleta mada: Nakubali kwamba nilifanya haraka kuivuta ligi kuu, na hoja ya kwamba wote walishika alumini ni nzito. Hata hivyo inamlinda dhidi ya wapigaji wa miaka ya 1980 tu. Mpigaji wa baada ya 2011, mwenye gongo lililotengenezwa makusudi likaribie tabia ya mti, anapowekwa mbele ya takwimu ya 48 anaonekana dhaifu bila kosa lake. Sitaki Incaviglia aondolewe ukumbini. Nataka kila rekodi ya vyuo iandikwe pamoja na aina ya gongo lililoruhusiwa mwaka huo. Nani anapinga hilo, na kwa sababu gani?