Naombeni ushauri: rolikeji ya gari la mdogo wangu, fundi anataka kutumia bomba la maji

Habari zenu wakuu. Niko Arusha. Mdogo wangu amenunua Subaru Impreza, anataka kuanza kukimbia rally, na gari liko gereji moja huku Unga Ltd likifungwa rolikeji, yaani fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari.

Jana nilipita kuangalia. Bomba lililosimamishwa nyuma ya viti ni lile jeupe la maji, lina mshono wa kiwandani ubavuni, na miguu yake imechomelewa moja kwa moja kwenye bati la sakafu. Hakuna hata pleti chini. Fundi anasema "bosi, chuma ni chuma."

Nijuavyo mimi, kazi ya keji ni kuzuia paa lisibonyee gari likibingirika, ili dereva na msoma ramani wabaki na nafasi ya kuishi. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) zinataka bomba lisilo na mshono, na upinde mkuu, yaani lile bomba la nyuma ya viti, uwe na kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Bati tupu la sakafu linaweza kutobolewa na mguu wa keji kama kopo.

Sasa wakuu, bomba la aina hiyo linapatikana wapi, hapa au Nairobi? Ninunue keji iliyokwisha kutengenezwa? Na hiki kilichochomelewa kikatwe chote?

Dogo ana haraka, lakini simruhusu aingie barabarani hivi. Nimeshamnyang'anya funguo.