Kiungulia cha miaka mingi na saratani ya umio: mume wangu apimwe nini?

Mama Wawili: Habari za jioni wakuu. Mume wangu anasumbuliwa na kiungulia miaka mingi. Akilala tu, maji machungu yanampanda kooni, anaamka anakohoa. Anameza omeprazoli za duka la dawa, zikiisha anakoroga magadi. Jirani yetu hapa Rombo amefariki kwa saratani ya umio, na msibani watu wakasema imetokana na asidi kuzidi tumboni. Kuna kipimo cha kujua kiwango cha asidi? Naogopa, maana juzi ugali ulimkwama kifuani mpaka akaushushia na maji.

Nesi Mstaafu: Pole sana mdogo wangu. Tumbo la kila mtu lina asidi kali, ndiyo inayosaga chakula. Shida inaanza pale mlango wa chini wa umio unapolegea, asidi ikapanda mahali pasipo na utando wa kuihimili. Ikiunguza hapo miaka na miaka, ngozi ya ndani inaweza kubadilika (madaktari wanaita umio wa Barrett), na wachache kati ya hao hupata saratani. Wengi wenye kiungulia hawaipati kabisa.

Kilichonishtua ni huo ugali. Chakula kikianza kukwama, mtu akikonda, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, anahitaji kipimo cha kamera, ile inayopitishwa mdomoni kuangalia umio na tumbo. Omeprazoli itamtuliza, na kama kuna uvimbe utaendelea kukua chini kwa chini.

Mmachame: Shemeji anakunywa chai ya moto sana? Saratani ya umio ya ukanda wetu, toka Ethiopia hadi Malawi, nyingi ni ya aina nyingine, siyo ile ya asidi. Sigara na pombe zinachangia. Wataalamu wa saratani wa WHO mwaka 2016 walisema vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda navyo vinaileta.

Mama Wawili: Chai anainywa ikitoka jikoni, ikipoa kidogo anairudisha. Na kukonda kupo, mkanda ameutoboa tundu jipya.

Nesi Mstaafu: Basi usingoje mwisho wa mwezi. Wiki hii hii mpeleke hospitali yenye kamera, KCMC ndiyo iliyo karibu nanyi. Siku ya kipimo asile kitu tangu usiku, na daktari aambiwe dawa zote anazomeza, hata magadi. Mkikuta foleni, msianze na habari za kiungulia. Semeni kwanza kwamba chakula kinakwama na amekonda, ndipo watamsogeza mbele.