Familia ya Katuba: Kenya gani hiyo?

Mama Mkubwa: 3-0!!! Kenya imeshinda! Watoto wangu, niko hapa sokoni nalia mbele ya wateja 😭😭

Patrick: Kenya gani Mama Mkubwa? Komini ya Kenya, huu mtaa wa hapa mjini, imecheza na nani?

Clarisse: Hata mimi nilifikiria hivyo. Hapa Lubumbashi ukisema Kenya, mtu anafikiria njia ya sokoni 😂

Mama Mkubwa: Kenya ya Nairobi! Timu ya wanawake ya voliboli, Malkia Strikers. Wameipiga Vietnam seti tatu bila, kwenye mashindano ya dunia kule Thailand. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la kupimia unga. Mama mmoja alitaka kilo tano, nikamwambia angoja kidogo, naye akainama tukaangalia pamoja.

Baba Jules: Yaya, dada mkubwa, wewe na michezo tangu lini? Mwaka 2010 Mazembe, timu yetu ya mpira wa miguu, inacheza fainali ya vilabu ya dunia na Inter ya Italia, nyumba nzima inapiga kelele, wewe ulikuwa umelala.

Mama Mkubwa: Nililala kweli. Hii ilianza Julai 2024, siku ya kufungua Olimpiki ya Paris, wakati wachezaji wanapita kwa mashua juu ya mto Seine. Bendera ya Kenya ilibebwa na watu wawili: Omanyala, yule wa mita 100, na msichana mmoja mrefu, Triza Atuka. Nikamuuliza mjukuu wangu Grâce, huyu dada anakimbia mbio gani? Akasema hakimbii, Koko (bibi), anacheza voliboli. Basi nikasema siku atakayocheza uniite.

Mama Mkubwa: Wakacheza na Brazili, wakapigwa 3-0. Polandi 3-0. Japani 3-0.

Patrick: Seti tisa bila kupata hata moja, na hapo ndipo ukawapenda? 😳

Mama Mkubwa: Hapo hapo. Patrick, uwaangalie vizuri. Kila pointi ikiisha, wameshinda ama wameshindwa, wanakimbilia katikati wanashikana mikono. Kila pointi! Na yule aliyekosea kupokea ndiye wanayemfuata. Siku ya Brazili niliacha kuhesabu pointi, nikabaki nahesabu ile mikono. Mimi nimeuza sokoni miaka 30. Siku umepata hasara, nani anakuja kukushika mkono?

Clarisse: 🥹

Mama Mkubwa: Na kuna yule mwenye jezi ya rangi yake peke yake. Anaitwa libero. Haruhusiwi kuruka kuzuia, wala kupiga mpira ulio juu ya wavu. Kazi yake ni kuokota. Mpira unashuka kama jiwe, anateleza kwa kifua, anatandaza kiganja sakafuni, mpira unaangukia mgongo wa mkono na kurudi juu. Kati ya mpira na sakafu unabaki unene wa mkono tu! Nikiona hivyo nasimama.

Baba Jules: Lakini kwa Afrika si wadogo hao.

Mama Mkubwa: Wadogo wapi? Ubingwa wa Afrika wamechukua mara 10. Kameruni iliwashinda fainali tatu zikifuatana, 2017, 2019 na 2021. Mwaka 2023 wakaenda Yaoundé, nyumbani kwa hao hao Wakameruni, wakarudi na kombe. Fainali waliifunga Misri.

Patrick: Mama Mkubwa amekuwa redio 🙌 Na Congo yetu je?

Mama Mkubwa: Congo ikicheza nitakuwa mbele. Ila nikuulize Patrick. Novemba 2024 Mazembe ya wanawake ilichukua kombe la vilabu la Afrika. Nani aliandika neno katika kikundi hiki? Nimerudi juu kutafuta. Hakuna. Na wanaume wakishinda hata mechi moja, simu inalia mpaka usiku wa manane. Imeniuma.

Clarisse: Ni kweli kabisa.

Baba Jules: Yaya, hapo umetushika. Tusamehe.

Mama Mkubwa: Nimesamehe. Sasa Jules, ile nyavu ya samaki ya marehemu, aliyoitoa Kasenga, bado iko kwenye depo?

Baba Jules: Iko. Panya wamekula pembe moja.

Mama Mkubwa: Nitashona. Upande mmoja tunafunga kwenye mwembe, upande wa pili kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Wavu wa wanawake unakuwa juu mita 2 na sentimita 24, lakini Grâce ana miaka 12 na wenzake ni wafupi kuliko yeye. Tuanzie mita 2. Patrick, Jumamosi uje na ile futi yako ya fundi, na kamba.

Patrick: Nitakuja mapema. Na mpira, Mama Mkubwa? Nitafute mjini?

Mama Mkubwa: Mpira uko chini ya kitanda changu tangu Krismasi.