Naomba ushauri: zabibu ya Riesling itakubali Uru?

KijanaWaKibo
Wakuu, habari za jioni. Tuna kihamba (shamba la ukoo) Uru, Moshi, kama mita 1,500 hivi, baridi ya kutosha. Kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani. Mwaka juzi nilipandisha familia ya Wajerumani, wana shamba lao la mizabibu kule Mosel, wanalima wenyewe baba, mama na watoto. Wakaniachia chupa ya Riesling. Aisee! Nyeupe, inakwaruza kama ndimu, halafu utamu unakuja nyuma taratibu. Wakasema siri ni baridi. Sasa baridi si tunayo? Matusi hapana.

Ngoja_Waje
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

MzeeWaHombolo
Kijana, mimi nalima zabibu Dodoma. Baridi ya Mosel ina msimu: mzabibu unapukutisha majani, unalala miezi kadhaa, ndipo unaamka. Uru haulali. Huku tunauamsha kwa mkasi, tunapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, ila ukame unatubeba. Wewe masika ikikukuta, ubwiri vinyoya, ule ugonjwa wa ukungu, utakumaliza. Halafu Riesling huchelewa kuiva. Kule mwezi Juni jua linakaa angani saa 16, sisi ni 12 mwaka mzima. Miche unatoa wapi?

Mtumishi77
Pombe haijengi nyumba. Panda parachichi.

MamaWawili
Shemeji yangu aliuza ng'ombe wawili apande tufaha Marangu. Kila Krismasi anatuletea tufaha tatu, tunazikata vipande kama keki ya harusi.

KijanaWaKibo
Parachichi kila mtu anapanda. Mzee, miche ipo.

MzeeWaHombolo
Ipo, imetoka wapi? Usinizungushe.

KijanaWaKibo
Yule mgeni alirudi Julai hii na vipandikizi 40 kwenye begi, kavifunga gazeti bichi. Kibali sikufuatilia. Ni vijiti tu jamani.

MzeeWaHombolo
Vijiti tu! Karne ya 19 filoksera iliingia Ulaya na mizabibu iliyotoka Marekani, kidudu kidogo cha mizizi, kikafyeka mashamba ya watu. Mpaka leo wanabebesha zabibu zao juu ya shina la Kimarekani. Vipeleke TPHPA, wale wa afya ya mimea, pale Ngaramtoni, Arusha, kabla hujavitia ardhini.

KijanaWaKibo
Vishaingia. Nilishang'oa mibuni ya mama, ilikuwa imezeeka, na bei ya kahawa mnaijua. Mama yuko Dar kwa dada mpaka Krismasi. Akirudi atakuta shamba limependeza.

MamaWawili
Umeng'oa kahawa ya mama yako?? Iliyokusomesha?

KijanaWaKibo
Nilisomeshwa na ndizi, mama.

PasuaMoja
Wakuu hii ni chai, na sukari imezidi. Vipandikizi vya zabibu hukatwa mti ukiwa umelala, Desemba mpaka Februari. Julai mzabibu wa Ulaya umejaa majani mabichi. Mtu anatunga uzi hata kalenda hajaangalia. Weka picha.

KijanaWaKibo
Walikata Januari wakaweka kwenye friji. Mnauliza kama polisi.

MzeeWaHombolo
Kuhifadhi kwenye ubaridi kupo, hapo simpingi. Ila mpaka Julai, vingi vitakuwa vimechoka.

PasuaMoja
Picha.

KijanaWaKibo
Kesho. Saa hizi siwezi kuingia shambani, mama yuko huko na panga.

PasuaMoja
Mama si yuko Dar mpaka Krismasi?

Ngoja_Waje
😂😂 Wajuzi wamefika.

KijanaWaKibo
Amerudi jana, hakuniambia. Hajasema neno tangu asubuhi, anazunguka tu anahesabu mashimo. Wakuu, Riesling tuiache kwanza. Naanzaje kuongea naye?

MamaWawili
Sasa ndiyo umeuliza swali. Kachume jani la isale, lile la kuombea msamaha, mtafute baba yako mdogo atangulie, wewe kaa nyuma ukiwa umelishika. Mama wa Kichaga hawezi kulikataa isale.

KijanaWaKibo
Masale yalikuwa mpakani mwa mibuni. Nayo nimeng'oa.