PCB ya moto au diploma ya tabibu: nani anatoboa MD bila kudisko?

Sindano Butu: Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu kamaliza diploma ya tabibu na GPA 3.4, anautaka MD, digrii ya udaktari. Mjomba kamwambia asijisumbue, udaktari ni wa watoto wa fomu siksi wa PCB (fizikia, kemia, bailojia) wenye one ya tatu, yaani A zote, wa diploma wanadisko, wanafukuzwa kwa kufeli, mwaka wa kwanza. Vigezo vya TCU, tume ya vyuo vikuu, mnavijua, wa siksi C ya kemia, C ya bailojia na D ya fizikia, wa diploma GPA kuanzia 3.0 na zile D za fomu foo. Swali, hizo alama zinatabiri kweli nani atamaliza miaka mitano salama au ni za kupunguza foleni tu?

Kipanga Mstaafu: Mjomba yuko sahihi. Anatomia, fiziolojia na biokemia zinakuja kwa mpigo, kama hukuzoea kukesha PCB hutoboi. Darasani kwetu waliokula sapu nyingi, mitihani ya kurudia, ni wa diploma. Wodini wako vizuri sikatai, ila mpaka ufike huko. Halafu ma-CO (matabibu) mna katabia, mtu kaingia chuo juzi koti jeupe mpaka kwa mama ntilie.

Tabibu wa Zahanati: Koti limekufanyaje?? Mimi nimekaa zahanati peke yangu, nimeshona watu usiku kwa tochi ya simu, wewe wakati huo unapasua chura maabara na mama anakuletea juisi. Na wanaopiga picha na stetoskopu shingoni wakati hawajui upande gani unaingia masikioni ni nyie wa siksi.

Mama Wodi: Nyote tu. Koti linatoka wodini, linafuta mchuzi wa maharage, linarudi kwa mtoto njiti. Nesi akisema anaambiwa ana gubu.

Kipanga Mstaafu: Nimesema katabia, sijataja mtu. Mbona umewaka mkuu, ni wewe nini?

Tabibu wa Zahanati: Sapu ulikula ngapi wewe, tuanzie hapo.

Dripu Moja: Jamani mada. "Darasani kwetu" sio ushahidi, walioingia kwa PCB karibu wote wana alama zinazofanana, sasa tofauti utaionaje, na aliyeachwa nje hakuna anayejua angefanyaje. Kuna mapitio ya tafiti yalitoka jarida la tiba la BMJ 2002, Ferguson na wenzake, kwamba ufaulu wa kabla ya chuo unaeleza kama 23% ya tofauti za matokeo ya wanafunzi wa udaktari, na wakishahitimu inashuka mpaka 6% hivi. Yaani alama zinasema kitu, ila sehemu kubwa iko kwingine, na kazini ndio zinasema kidogo kabisa.

Binti Mlandizi: Hiyo ya wazungu. Huku mmoja ana A za tuisheni, mwenzake ana C ya shule ya kata, taitresheni kaisoma ubaoni kwa sababu bureti ya maabara haipo. Hizo C mbili tatu ukizipima vizuri ni A.

Kipanga Mstaafu: Mimi pia nimesoma kata na A nimepata, tusitafutiane huruma.

Binti Mlandizi: Basi ungekuwa na adabu ya waliosoma kata.

Mama Wodi: Mnagombana tu. Mleta mada, huyo mdogo wako hesabu ya fomu foo ana nini?

Sindano Butu: F. Ila diploma walimpokea na hiyo hiyo.

Mama Wodi: Diploma wanaangalia kemia, bailojia na fizikia, hesabu ni nyongeza. MD wanataka D ya hesabu na ya Kiingereza pia. Hiyo GPA yake hata haijafunguliwa.

Dripu Moja: Duh. Mkuu hilo ndio ungeanza nalo.

Sindano Butu: Sasa anarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea au?

Tabibu wa Zahanati: Ndio, arisiti, mimi mwenyewe nilirudia hesabu huku naendelea na zamu. Na wewe Kipanga sapu hujajibu.